Sambuku la mtoto wa Etterbeek



Alfajiri ya tarehe 21 Mei mwaka 2007, wakazi wa Greenwich, kusini mashariki mwa jiji la London, waliamka wakaona moshi mzito umetanda kando ya mto Thames. Merikebu ya Cutty Sark ilikuwa inaungua. Merikebu hiyo ilishushwa majini huko Dumbarton, Scotland, mwezi Novemba mwaka 1869. Ilijengwa ili ibebe chai kutoka China, na baadaye ikabeba sufu kutoka Australia. Mbavu zake ni za chuma na ubavu wake ni wa mbao. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo cha moto kilikuwa ni kitu kidogo mno, yaani mashine ya kufyonza vumbi iliyoachwa ikiendelea kufanya kazi. Kwa bahati njema milingoti na sehemu kubwa ya mbao zake zilikuwa zimekwisha kuondolewa kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2012 Malkia Elizabeth wa Pili aliifungua upya, baada ya kutumika takriban pauni milioni 50.

Habari ya moto ule ilienea ulimwenguni kote siku hiyohiyo. Siku ya pili yake, tarehe 22 Mei, Ubelgiji iliadhimisha miaka 100 tangu azaliwe mtoto mmoja katika mtaa wa Cranz, eneo la Etterbeek, ambalo ni moja kati ya manispaa 19 za mji mkuu wa Brussels. Mtaa huo leo unaitwa Philippe Baucq, kwa jina la msanifu majengo aliyepigwa risasi na Wajerumani mwezi Oktoba mwaka 1915 pamoja na muuguzi Mwingereza Edith Cavell. Mtoto aliyezaliwa hapo mwaka 1907 aliitwa Georges Remi. Ulimwengu unamjua kwa jina la Hergé, mchoraji wa visa vya Tintin, kijana mwandishi wa habari mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe.

Kukutana kwa tarehe hizo mbili ni sadfa tupu. Hata hivyo, sadfa hiyo ilinikumbusha kwamba Hergé naye alichoma chombo cha mizigo cha mbao na tanga, tena chombo ambacho sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tungekitambua mara moja. Hicho ndicho ninachotaka kuzungumza nanyi leo.

Wasikilizaji wetu wa Kongo wanamfahamu Tintin kuliko wengine, na si kwa heri tu. Kisa cha Tintin huko Kongo, kilichotoka kuwa kitabu mwaka 1931, kimejaa dharau za enzi yake. Mwaka huohuo wa 2007 mwanafunzi mmoja Mkongo alifungua mashtaka mjini Brussels akitaka kitabu kile kipigwe marufuku au walau kiwekewe onyo. Mahakama ililikataa dai hilo mwaka 2012. Lakini kisa ninachokikusudia leo ni kingine. Kilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika gazeti la Tintin mwezi Oktoba mwaka 1956, kikatoka kitabu mwaka 1958. Kwa Kifaransa kinaitwa Coke en stock, yaani shehena ya makaa ya mawe. Katika hadithi hiyo, "makaa" ni neno la siri la wafanyabiashara ya watu. Waafrika Waislamu waliotoka makwao kwenda kuhiji Makka wanatiwa katika meli, na huko njiani, badala ya kufikishwa katika nyumba tukufu, wanauzwa.

Katikati ya kitabu hicho Tintin na rafiki yake Kapteni Haddock wanatoroka kutoka nchi ya kubuni ya Khemed wakiwa ndani ya sambuku, yaani jahazi la Bahari ya Shamu. Ni chombo cha mbao chenye tanga la pembetatu, ndugu wa jahazi letu la Unguja na Lamu. Ndege za kivita zinatumwa kuwafuata. Sambuku linashambuliwa, moto unashika, chombo kinateketea na kuzama. Mashujaa wanabaki juu ya chelezo, na hadithi inaendelea na wao. (Ndege zilizochorwa ni za aina ya Mosquito, ambazo kwa kweli zilijengwa kwa mbao. Kwa hiyo ni mbao iliyochoma mbao.)

Msomaji wa Brussels au wa Paris hufungua ukurasa unaofuata. Mimi husita hapo kila mara, kwa kuwa katika historia ya bahari yetu moto wa jahazi haukuwa jambo la kubuni, na wala haukuwa ajali. Kwa muda wa miongo kadhaa ya karne ya 19 kuchoma majahazi ilikuwa ni kazi rasmi ya serikali, yenye fomu zake, vipimo vyake na malipo yake.

Natangulia kusema jambo moja ili nisieleweke vibaya. Biashara ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa ni kweli, na ilikuwa ni unyama. Ziko picha zilizopigwa mwezi Novemba mwaka 1868 ndani ya manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne, zinazowaonyesha watu waliotolewa katika majahazi. Wengi ni watoto, na mifupa ya baadhi yao inahesabika kwa macho. Nahodha wa Daphne, George Sulivan, aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, kikatoka mwaka 1873. Mwaka huohuo mwenzake Philip Colomb, aliyekuwa nahodha wa Dryad, naye alichapisha chake. Mtu yeyote anayetaka kuyatetea majahazi ya watumwa kwanza azitazame picha hizo. Mimi sitetei.

Lakini si kila jahazi lilikuwa la watumwa. Mengi yalibeba boriti za Rufiji na za Lamu, tende za Basra, chumvi, papa mkavu kutoka Arabuni, nguo za Kachi, nazi, mtama na abiria. Jahazi hushuka na kaskazi na hupanda na kusi, na msimu mmoja ukipotea, mwaka mzima umepotea. Aghalabu chombo kilikuwa ni mali ya familia au ya washirika kadhaa, na shehena ilikuwa ni ya mkopo kutoka kwa tajiri. Sasa tujiulize: afisa kijana wa Kiingereza, anayekutana na chombo cha namna hiyo maili kadhaa kutoka pwani, atajuaje kama ni cha watumwa au si cha watumwa?

Watumwa wakiwamo ndani, wamefungwa, jambo ni wazi. Wasipokuwamo, ndipo matatizo yalipoanzia. Maafisa walifundishwa kutafuta dalili. Je, chombo kina maji mengi kupita mahitaji ya mabaharia? Kina masufuria makubwa ya kupikia? Kina mchele au mtama mwingi? Kina mbao za ziada zinazoweza kutandikwa kuwa sakafu ya pili juu ya shehena? Dalili hizo zilitokana na uzoefu wa bahari ya Atlantiki, ambako pengine zilikuwa na maana. Katika bahari yetu, chombo kinachotoka Unguja kwenda Maskati na abiria 80 au 100, safari ya wiki nyingi, kingewezaje kukosa maji mengi, sufuria kubwa na gunia za mchele? Na mbao za ziada? Mtu yeyote aliyewahi kusafiri kwa jahazi anajua kwamba nahodha huchukua mbao kwa ajili ya matengenezo ya njiani, tena mbao zenyewe mara nyingi ni shehena.

Kisha kulikuwa na suala la mabaharia. Katika majahazi mengi ya zama zile baadhi ya mabaharia walikuwa watumwa wa mwenye chombo au wa watu wengine, wakisafiri kwa ujira ambao sehemu yake ilimwendea bwana wao. Walikuwa ni watumwa kweli, lakini hawakuwa bidhaa ya kuuzwa mwisho wa safari. Juu ya hayo yote, kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1845 ambao Uingereza yenyewe ilitiliana saini na Sayyid Said, kusafirisha watumwa ndani ya mipaka ya dola yake ya Afrika, kati ya Kilwa na Lamu, kulikuwa bado kumeruhusiwa. Hali hiyo ilibaki hivyo hadi Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa tarehe 5 Juni mwaka 1873. Kwa hiyo chombo kilekile, na watu walewale, kilikuwa halali mahali pamoja na haramu maili chache mbele. Nahodha hakujua Kiingereza, afisa hakujua Kiswahili wala Kiarabu, na kati yao alisimama mkalimani, ambaye neno lake moja lilitosha.

Nimesema kazi hii ilikuwa na malipo. Sheria ya Uingereza ilitoa pauni 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa. Palipokamatwa chombo kisichokuwa na watumwa lakini kikahukumiwa kuwa ni cha biashara hiyo, malipo yalikuwa pauni 4 kwa kila tani ya ukubwa wake. Fedha hizo waligawana maafisa na mabaharia wa manowari kwa vyeo vyao. Jahazi la tani 100 lilikuwa na thamani ya pauni 400 kwa aliyelikamata, liwe na mtu au lisiwe na mtu ndani yake. Sisemi kwamba kila afisa alisukumwa na fedha. Sulivan, kwa mfano, alionyesha uchungu wa dhati kwa ajili ya watoto aliowaokoa. Ninachosema ni kwamba mtu hawekwi kuwa askari, shahidi na mlipwaji katika kesi moja, kisha tukategemea kwamba hatakosea.

Na hapa ndipo moto unapoingia. Sheria ilitaka chombo kilichokamatwa kipelekwe bandarini mbele ya mahakama. Lakini manowari ilikuwa na doria ya kuendeleza, jahazi lilikwenda polepole, mahakama ilikuwa mbali, na bahari ya kusi haina huruma. Kwa hiyo afisa aliruhusiwa kuandika hati kwamba chombo hakifai kwa safari, kisha akakiteketeza palepale. Kabla ya kukichoma, mabaharia walikipima kwa kamba, urefu wake, upana wake na kina chake, ili ipatikane idadi ya tani. Kisha moto ulitiwa. Jahazi huwaka upesi. Tanga ni pamba, kamba ni za makumbi, mbao zimepakwa sifa ya papa miaka nenda miaka rudi, na chini yake mna deheni ya mafuta na chokaa. Huungua mpaka usawa wa maji, na kilichobaki huzama.

Mtanikubalia, wasikilizaji, kwamba baada ya hapo kesi imekwisha kabla haijaanza. Mahakama ya konsuli wa Uingereza mjini Zanzibar, ambayo tangu miaka ya 1860 ilipewa mamlaka ya kusikiliza mambo hayo, ilipokea karatasi ya vipimo iliyoandikwa na mtu aliyechoma. Je, lile jahazi lilikuwa na sakafu ya pili au lilikuwa na mbao za kuuza tu? Lilikuwa la tani 80 au la tani 120? Masufuria yalikuwa makubwa kiasi gani? Hakuna aliyeweza kwenda kutazama. Nahodha aliyetaka kudai haki yake ilimpasa kwanza afike Unguja kutoka pale alipoteremshwa pwani, bila chombo, bila shehena, na mara nyingine bila hati zake, kwa kuwa hati zilikuwa ndani ya jahazi. Zipo kesi ambazo mahakama iliamua kwamba chombo kilikamatwa kimakosa na kwamba fidia ilipwe, na ni haki kulisema hilo. Lakini hao ni wale waliofika.

Wala malalamiko hayakutoka kwa Waarabu na Waswahili peke yao. Makonsuli wa Uingereza waliokaa Unguja waliandika kwa serikali yao wakieleza kwamba wafanyabiashara halali walikuwa wanaumizwa. Manowari iitwayo Lyra, iliyofanya doria katika bahari yetu mwishoni mwa miaka ya 1850 na mwanzoni mwa miaka ya 1860, ilipewa na watu wa Unguja jina la Shetani. Mwishoni mwa mwaka 1869 Wizara ya Wanamaji mjini London ilitoa maagizo mapya kwamba kuwapo kwa watumwa wachache miongoni mwa mabaharia au watumishi si ushahidi wa kutosha, na kwamba vyombo vipelekwe mahakamani kila inapowezekana. Ndiyo miezi ileile ambayo huko Scotland mafundi walikuwa wakiishusha Cutty Sark majini.

Maagizo yalipunguza makosa, hayakuyamaliza. Kuanzia mwaka 1874 manowari kuukuu ya London, nayo ya mbao, iliyojengwa mwaka 1840, ilitia nanga Unguja ikawa ngome ya doria, mashua zake zikizunguka Pemba na mrima. Manahodha nao walitafuta kinga, na kinga waliipata katika bendera. Ufaransa haikukubali vyombo vyake visimamishwe na Waingereza, kwa hiyo majahazi mengi, hasa ya watu wa Sur, yalipandisha bendera ya Kifaransa. Baadhi ya walioipandisha walikuwa wakiogopa moto bila hatia, na wengine walikuwa na watumwa ndani. Mwezi Desemba mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya London aliuawa karibu na Pemba, alipolisogelea jahazi lenye bendera hiyo. Watumwa walikuwamo.

Sasa turudi Brussels, maana ni huko ambako mataifa yalikutana ili kulimaliza suala hili. Kuanzia mwezi Novemba mwaka 1889 wajumbe wa madola 17, Zanzibar ikiwa mojawapo, walikaa katika mji huo chini ya uenyeji wa Mfalme Leopold wa Pili, na tarehe 2 Julai mwaka 1890 wakatoa Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa. Watu hukumbuka mkataba ule kwa sababu ya silaha na pombe. Wachache hukumbuka kwamba sehemu yake kubwa inahusu jahazi. Vyombo vya chini ya tani 500 katika eneo la Bahari ya Hindi, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu viliwekewa masharti. Ruhusa ya bendera ilipaswa kufanywa upya kila mwaka, orodha ya mabaharia iwepo, na abiria weusi waorodheshwe. Kadhalika jina la chombo lichongwe na kupakwa rangi nyuma yake kwa herufi za Kilatini, na nambari yake iandikwe kwa rangi nyeusi juu ya tanga. Ufaransa ilikataa vifungu vya upekuzi. Mzozo wa bendera yake katika majahazi ya Maskati ulifika hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo ilitoa uamuzi mwezi Agosti mwaka 1905.

Masharti hayo yalikuwa ya usumbufu, na lile la kuwaorodhesha abiria kwa rangi ya ngozi lina harufu yake. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba karatasi ni afadhali kuliko kiberiti. Chombo chenye jina na hati kinaweza kuulizwa, na kinaweza kujibu.

Mwezi mmoja hivi baada ya uamuzi wa The Hague, mwezi Septemba mwaka 1905, Leopold alizindua lango kubwa la mawe katika bustani ya Cinquantenaire, inayopakana na Etterbeek. Ni lango ambalo ujenzi wake unahusishwa na fedha zilizotoka Kongo, ambako, kwa jina la kupambana na watumwa, watu walikuwa wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Ndani ya bustani hiyohiyo iko sanamu ya Thomas Vinçotte, iliyozinduliwa mwaka 1921, ya kuwaenzi Wabelgiji waliotangulia Kongo. Maandishi yake yanausifu ushujaa wa kijeshi wa Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye kufanya biashara ya watumwa. Ni vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 dhidi ya watu wa Manyema na wa pwani, jamaa na washirika wa Tippu Tip, ambavyo wasikilizaji wetu wa Kasongo na Kisangani wanavijua kwa masimulizi ya wazee wao. Neno linalomtaja Mwarabu limewahi kukwanguliwa katika jiwe lile, na ugomvi juu yake umekuwa mrefu.

Basi Hergé alikuwa ni mtoto wa mji uliokuwa na hadithi moja iliyochongwa katika jiwe: mwenye jahazi na kanzu ndiye mwenye watumwa, na mwenye meli ya chuma ndiye mwokozi. Na alipokuwa kijana aliichora hadithi hiyo bila kuiuliza swali, katika kile kitabu cha mwaka 1931. Ndiyo maana Coke en stock inanishangaza. Katika kitabu hiki watumwa hawamo ndani ya sambuku. Sambuku ni chombo cha kubeba watu na mizigo, na limebeba wakimbizi. Watumwa wamo katika Ramona, meli ya kisasa ya mizigo, ya chuma, yenye maafisa Wazungu, ambayo Hergé aliichora kwa uangalifu mkubwa. Yeye na msaidizi wake Bob de Moor walisafiri kwa meli ya mizigo kutoka Antwerp hadi Gothenburg na kurudi ili waone kila bomba na kila ngazi. Tajiri wa biashara hiyo hakai Sur wala Kilwa. Anakaa katika mashua ya anasa iitwayo Scheherazade, akiwaandalia karamu wageni wa Ulaya. Na Ramona inaposhika moto usiku, maafisa wake wanakimbia na mashua za kuokolea, wakiwaacha watu wamefungiwa chini.

Mioto miwili, basi, katika kitabu kimoja. Wa kwanza unakiteketeza chombo kisicho na hatia. Wa pili unaifichua shehena ya chombo chenye hatia, kwa sababu mara hii, kwa bahati, kuna watu waliobaki ndani wakauzima na kufungua milango ya falka.

Sitaki kumfanya Hergé kuwa mtakatifu. Waafrika wale walipotoka falkani katika chapa ya mwaka 1958 walizungumza Kifaransa cha kuvunjikavunjika, kama watoto. Mwezi Januari mwaka 1962 gazeti la Jeune Afrique lilimkosoa vikali, na kwa ajili ya chapa ya mwaka 1967 aliyaandika upya maneno yao. Alichelewa, lakini alirekebisha. Na mahujaji wenyewe, hata baada ya marekebisho, hawakupewa nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa.

Kuna jambo dogo ambalo limebaki. Msomaji yeyote wa Tintin atakutajia majina ya vyombo vilivyomo katika visa vyake. Atakutajia Licorne, merikebu ya kivita ambayo babu wa Kapteni Haddock aliilipua kwa baruti, na atakutajia Ramona na Scheherazade. Muulize jina la sambuku lililoungua katika Bahari ya Shamu, na wengi watakutazama tu. Ukienda katika magazeti rasmi ya serikali ya Uingereza ya karne ya 19, utakuta matangazo ya kugawana fedha za vyombo vilivyokamatwa. Jina la manowari limo, tarehe ya kukamata imo, na mabaharia wanaelezwa wapi waende kuchukua fungu lao. Mahali pa jina la chombo kilichoteketezwa pameandikwa, tena na tena, kwamba ni jahazi, na kwamba jina halijulikani.

Kila jahazi lina jina. Mafundi wa Lamu na wa Unguja hawashushi chombo majini bila kukipa jina na bila kukisomea dua. Nahodha alikuwapo pale wakati kamba ya vipimo ilipokuwa inanyooshwa. Angeulizwa, angelitaja.